Boti Ikishafungwa Gatini Ndo Kazi Inaanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee jambo ambalo naona linarukwa kila mara watu wanapozungumzia boti za tanga. Habari za upepo zipo, za mashindano zipo, picha za tanga limejaa na boti imelala upande zipo nyingi na kusema kweli zinapendeza, lakini ile saa moja baada ya boti kurudi, pale watu wameshashuka na kila mmoja anatafuta viatu vyake na simu yake, hiyo hamna anayeiandika. Na mimi nasema kwa moyo wote saa hiyo ndo inaamua boti itadumu miaka mingapi. Boti nyingi hazimalizwi na dhoruba wala mwamba, zinamalizwa na chumvi iliyoachwa ikakauka, maji yaliyoachwa yakatuama, na tanga lililokunjwa likiwa bado bichi, yani vitu ambavyo mtu angevimaliza siku ile ile kwa ndoo, brashi na mpira wa maji.

Nianze na chumvi maana hiyo ndo mzizi wa karibu kila kitu. Lita moja ya maji ya bahari inabeba chumvi kama gramu 35. Maji yanakauka, chumvi inabaki pale pale, kwenye kamba, kwenye tanga, ndani ya kapi, kwenye uzi wa kila skrubu. Alafu chumvi inavuta unyevu kutoka hewani, ndo maana kamba iliyolowa maji ya bahari unaweza kuianika juani mchana kutwa na usiku ukiishika bado ina unyevu unyevu fulani hivi, haikauki ikaisha. Na zile punje zikigandana zina makali, zinakaa katikati ya nyuzi na kila kamba inapovutwa kwenye kapi zinazisaga nyuzi kwa ndani ambako jicho halifiki. Kwa hiyo kuosha kesho au wikiendi ijayo sio sawa na kuosha leo. Chumvi ambayo bado ni majimaji inaondoka na maji ya bomba peke yake, bila kusugua, bila sabuni, lakini ikishakauka na kujikita inabidi uiloweke uisubiri, na sehemu nyingine huifikii tena.

Unaanza juu unashuka chini. Mlingoti pale maji yanapofika, waya zake, kapi, winchi, alafu sitaha, alafu mbavu za nje, sababu uchafu wote unateremka na ukianzia chini utaosha mara mbili. Maji yawe mengi lakini taratibu. Hizi mashine za presha ambazo kila mtu anazo siku hizi mi nawaomba watu waziweke mbali na kapi, winchi, kamba na matanga, maana presha haitoi chumvi tu, inaisukuma ndani zaidi kwenye beringi, inafukuza grisi iliyowekwa kwa kazi, na kwenye kamba inachambua nyuzi. Mpira wa kawaida na mkono wako vinatosha.

Sasa hapa kuna kitu ambacho wenye boti za faiba wakiwashauri wenye boti za mbao wanawaharibia kabisa, na naomba nikae nacho kidogo. Sheria ya maji yasiyo na chumvi ni ya vyuma, kamba, matanga na faiba. Mbao ni habari nyingine. Kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu wanataka unyevu wa maji matamu na hewa kidogo iliyotulia, wakivipata wanakula ubao kimya kimya kwa ndani huku rangi ya nje inang'aa. Chumvi inawazuia. Ubao mkavu, ule ambao unyevu wake uko chini ya asilimia 20 hivi, hauozi, na ubao uliolowa maji ya bahari nao unaoza kwa shida, ila ubao ambao maji ya mvua yametuama kwenye kona yake wiki nzima huo ndo unaoza. Ndo maana mabaharia wa zamani walikuwa wakipiga deki sitaha za mbao kwa maji ya bahari, ndoo baada ya ndoo, asubuhi na jioni, na haikuwa kwamba maji mengine yalikuwa haba tu, chumvi ile ilikuwa dawa ya ubao, na maji yenyewe yaliufanya ubao uvimbe kidogo ubane kalafati, ile pamba ya kuzibia nafasi za mbao, isiachie.

Kwa hiyo mwenye boti ya mbao aoshe sitaha yake kwa maji ya bahari, brashi laini, na asugue kukata mistari ya ubao, asifuate mistari. Ukisugua kwa kufuata mistari unachimbua ile nyama laini ya ubao unaacha matuta, na baada ya miaka michache mbao za mtiki zilizokuwa nene zinabaki nyembamba mpaka vichwa vya skrubu vinachungulia. Sehemu zenye vanishi zifutwe kwa kitambaa chenye maji matamu kidogo alafu zikaushwe, na vyuma vyake vioshwe kwa maji matamu kama vya boti nyingine yoyote. Kikubwa kuliko vyote ni kufunua chini, kuangalia vile vitundu vya kwenye mataruma, yani mbavu za ndani za boti, vinavyopitisha maji kwenda kwenye ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika, kama viko wazi, maana takataka ndogo tu ikiziba kitundu kimoja, maji ya mvua yanakaa nyuma ya taruma na taruma ndo linaanza kuoza pale. Na boti ya mbao ikivutwa juu isiachwe kwenye jua la moja kwa moja, mbao zitanywea, viungo vitafunguka, na siku ya kuirudisha majini itavuja kila mahali mpaka ivimbe tena. Kivuli, turubai, na magunia yenye majimaji ubavuni kama itakaa muda mrefu.

Watu wa faiba nao wasijisahau eti faiba haihitaji matunzo, nimesikia sana maneno hayo na yanaumiza. Lile ganda la nje linalong'aa, jelikoti, haifiki hata unene wa milimita moja. Ukilisugua na unga wa kusugulia masufuria kila wiki unalimaliza. Jua nalo linalichuna, ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe kama chaki. Sabuni laini, maji mengi, kitambaa, alafu nta mara moja au mbili kwa mwaka, bas.

Matanga sasa. Hapa ndo roho yangu inauma zaidi maana tanga ndo injini yenyewe ya boti na ndo linalotendewa vibaya kuliko chochote. Watu wanarudi wamechoka, wanalishusha, wanalikunja kunja lote na chumvi yake na unyevu wake wanalisokomeza mfukoni, mfuko unafungwa, unatupwa ndani ya boti yenye joto. Tanga la polyester lenyewe haliozeshwi na kuvu kama lile la pamba la zamani, hiyo ni kweli, lakini kuvu wanakula uchafu ulioganda juu yake na wanaacha madoa meusi ambayo hayatoki, na kwenye yale matanga ya mashindano yenye tabaka zilizogundishwa pamoja, kuvu wakiingia katikati ya tabaka huna tena la kufanya. Cha kufanya ni kulisuuza kwa maji matamu, kulitandaza au kulitundika mpaka likauke kote, hasa pembeni pale lilipoongezwa unene na kwenye mifuko ya zile fito za kulinyoosha tanga, ndo pa mwisho kukauka.

Kukausha tanga kwa kuliacha linapigapiga kwenye upepo ni kosa ambalo linaonekana kama busara. Kila linapopiga, kitambaa kinavunjika vunjika, ile gundi iliyowekwa kiwandani kukipa ukakamavu inapasuka, na pindo la nyuma linachoka kabla ya wakati. Tanga likikauka kwa namna hiyo saa moja limezeeka zaidi kuliko kwenye safari nzima ya upepo mzuri. Kama upepo ni hafifu sawa, lipandishe likauke, upepo ukiongezeka shusha. Na usilioshe kwenye mashine ya kufulia wala kulisugua juu ya sakafu ya zege. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, brashi laini, juu ya majani au sakafu safi laini. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo mi nasema iachwe kabisa kama hujui kitambaa chako ni cha nini, sababu nailoni inaharibika nayo na nyuzi za aramidi kama Kevlar ndo kabisa, tanga linabaki na sura safi na nguvu hamna.

Kisha jua. Polyester inaliwa na jua, nailoni inaliwa haraka zaidi, na kinachotangulia kufa sio kitambaa, ni ule uzi wa kushonea, kwa sababu unakaa juu ya kitambaa na unapigwa jua mwanzo mwisho. Jaribio lake rahisi sana, kwaruza mshono kwa ukucha wa dole gumba, uzi ukikatika huo umeshaoza na tanga linahitaji kushonwa upya kabla ya safari nyingine, hata kama kitambaa chenyewe bado kizima. Kushona mapema ni kazi ndogo, kusubiri mpaka mshono ufunguke katikati ya maji upepo umekolea ni kuliacha tanga lichanike lote. Kwa hiyo tanga likikauka livikwe mfuniko wake hata kama unarudi kesho asubuhi, na yale ya kuviringishwa mbele ambayo hayashushwi, ule ukanda wa pembeni unaokinga jua ukaguliwe kwanza maana wenyewe ndo unaokufa badala ya tanga. Likikunjwa, mistari ya kukunja isiwe ile ile kila siku. Fito zilegezwe. Kamba zote zinazolivuta tanga zilegezwe pia, hakuna sababu tanga lililolala liwe limenyooshwa.

Kamba sina maneno mengi. Zisuuzwe, zitundikwe kivulini zikauke, zisiachwe zimelala kwenye sitaha yenye maji. Henza, ile kamba ya kupandishia tanga, inaliwa sehemu moja tu, pale inapokaa juu ya kapi la kichwa cha mlingoti tanga likiwa limepanda, kwa hiyo mara moja moja igeuze, mwisho uwe mwanzo, au ikate kipande kidogo ili pale palipochoka pasogee. Pitisha mkono wote toka mwanzo hadi mwisho, ukisikia mahali pamekuwa pagumu au pembamba hapo pana tatizo ndani.

Vyuma ndo pana somo refu. Watu wanaamini steinlesi haishiki kutu na wanaiacha. Steinlesi inajilinda kwa ngozi nyembamba sana inayojitengeneza yenyewe ikipata hewa, na chumvi inaitoboa ngozi hiyo, alafu mahali ambapo hewa haifiki, chini ya utepe mtu aliozungusha, ndani ya ncha ya waya pale ilipobanwa, nyuma ya bamba lililofungwa kwenye ubavu wa boti, pale maji ya chumvi yakikaa ngozi haijirudishi na chuma kinaliwa kwa ndani huku nje kinameremeta. Hayo machozi ya rangi ya kahawia unayoyaona yakitoka kwenye ncha ya waya sio uchafu wa kufuta ukaendelea, hiyo ni taarifa. Osha, kausha, chungulia. Pitisha karatasi laini au pamba kwenye waya wote wa mlingoti, ikinasa kuna uzi wa waya umekatika, na uzi mmoja ukikatika waya huo usiutegemee tena, badilisha. Mafundi wengi wanasema waya za steinlesi zibadilishwe kati ya miaka 10 na 15 hata kama zinaonekana nzima, na mi naona ni ushauri wa kufuatwa. Na usisugue steinlesi kwa steelwool ya kawaida, inaacha vipande vidogo vya chuma ambavyo vinashika kutu juu yake na kuanzisha shida ambayo haikuwepo.

Alafu kuna vyuma viwili tofauti kugusana kwenye maji ya chumvi. Mlingoti wa aluminiamu na skrubu za steinlesi, pale utaona unga mweupe na rangi imevimba, ni aluminiamu inaliwa. Jambo hili lilijulikana zamani mno. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza lilivisha tumbo la meli ya HMS Alarm mabamba ya shaba ili kuzuia minyoo inayotoboa mbao. Shaba ikafanya kazi, minyoo haikupita, lakini walipokuja kuikagua miaka kama miwili baadaye misumari ya chuma iliyogusana na ile shaba ilikuwa imeliwa vibaya na mabamba mengine yamebanduka, isipokuwa pale ambapo karatasi ya kahawia iliyofungia mabamba ilikuwa imesahaulika katikati, hapo misumari ilikuwa mizima! Karatasi tu. Kwa hiyo ukifungua skrubu kwenye mlingoti kwa ajili ya kusafisha usiirudishe kavu, weka kile kipaste cha kutenganisha au kipande cha plastiki katikati, ndo kazi ile ile ya ile karatasi.

Na mwaka 1824 mwanakemia Mwingereza Humphry Davy akaja na wazo la kufunga vipande vya zinki au chuma kwenye shaba ya meli ili viliwe vyenyewe badala ya shaba. Vikaliwa kweli, shaba ikapona, ila meli zikaota mwani na makombe kwa wingi, sababu kumbe shaba ilikuwa inazuia viumbe hao kwa kule kuyeyuka kwake kidogo kidogo majini, ikizuiwa kuyeyuka haina kazi. Vile vipande vya zinki ndo hizi anodi tunazofunga leo karibu na propela. Kila boti ikitoka majini ziangaliwe, zikibaki nusu zibadilishwe, na zisipakwe rangi hata siku moja, anodi iliyopakwa rangi haifanyi kitu. Kama boti inakaa kwenye maji matamu zinki haifai, hapo watu wanatumia ya magnesiamu.

Hapo hapo nigusie tumbo la boti. Ule utelezi wa kijani unaoanza baada ya siku chache ndo wa kuondoa, kwa kitambaa au sponji laini, kabla makombe hayajashika, maana utelezi tu unatosha kupunguza mwendo, na makombe yakishaganda kuyatoa ni kuchubua rangi. Lakini rangi hii ya kuzuia viumbe ni sumu, ndo kazi yake, na mtu anayeisugua kwa nguvu boti ikiwa majini mpaka maji yanabadilika rangi anamwaga sumu hiyo pale pale ambapo watu wanavua na watoto wanaogelea. Tusisahau yaliyotokea na zile rangi zenye TBT, bati iliyochanganywa na kemikali. Kwenye ghuba ya Arcachon kule Ufaransa chaza walianza kuwa na magamba mazito yaliyoharibika na wakashindwa kuzaliana vizuri, na mwaka 1982 Ufaransa ikapiga marufuku rangi hizo kwa boti ndogo, zile zisizofika mita 25. Mkataba wa kimataifa ukapitishwa 2001 na kuanza kutumika 2008. Ilichukua miaka mingi hivyo. Kwa hiyo tumbo la boti liparuliwe nchi kavu, mahali ambapo maji machafu yanakusanywa hayarudi majini, na anayepiga msasa avae barakoa na apige msasa wa maji, vumbi lile sio la kuvuta.

Jambo lingine ambalo linawahusu zaidi wanaobeba boti kwa trela kutoka ziwa moja kwenda jingine. Maji yaliyobaki ndani ya boti na majani yaliyonasa kwenye usukani yanabeba viumbe wageni. Kule kati ya Kanada na Marekani kome wadogo wenye milia walionekana ziwa St. Clair mwaka 1988, waliletwa na maji ya kwenye meli kubwa, lakini kusambaa kwao baadaye kwenda maziwa madogo madogo kulitokana sana na boti za kawaida juu ya trela, na wakishaingia wanaziba mabomba na hakuna anayewatoa. Watoto wao huwezi kuwaona kwa macho. Kwa hiyo kabla hujaondoka ufukweni fungua ile nguruzi ya chini maji yote yatoke, bandua kila jani, na boti ikauke kabisa kabla ya kugusa maji mengine. Kukauka ndo dawa kuu.

Injini ndogo ya nyuma nayo isipitwe, kuna watu wanasema boti yangu ni ya tanga injini naitumia kutokea gatini tu, na ndo hizo zinazokufa mapema maana chumvi inaganda ndani ya njia za maji ya kupoza. Ivishwe yale masikio ya kuunganishia mpira wa maji, iwashwe dakika 5 mpaka 10 maji matamu yapite, na isiwashwe kabisa kabla maji hayajafunguliwa, ile pangaboi ndogo ya mpira iliyo ndani ya pampu inaungua kwa muda mfupi sana ikizunguka kavu. Ikizimwa isimamishwe wima maji yatoke yote.

Winchi na kapi, suuza, zungusha kwa mkono usikilize. Kwa mwaka mara moja winchi ifunguliwe, meno yawekwe grisi kidogo na vile vikabari vya kuzuia isirudi nyuma viwekwe oili nyepesi tu, sio grisi, grisi inavigandisha na siku kikigoma kushika mkono wa winchi unarudi kwa nguvu za ajabu na unavunja mkono wa mtu. Hapa siongezi chumvi, ni hatari.

Ndani ya boti fungua kila kitu. Magodoro yasimamishwe, milango ya makabati iachwe wazi, maji ya ngama yatolewe mpaka tone la mwisho kwa sponji, na kama yana oili yasipampiwe baharini, yachotwe yawekwe kwenye chupa yapelekwe panapokusanywa oili chafu. Valvu za chini zifungwe. Majaketi ya kuelea yasuuzwe na yatundikwe kivulini, na yale ya kujijaza upepo yafunguliwe yaangaliwe mtungi wake wa gesi kama umekaza na haujashika kutu, maana jaketi lililohifadhiwa likiwa bichi linaweza lisifanye kazi siku linapohitajika na hakuna atakayejua mpaka siku hiyo. Turubai la kufunika liache hewa ipite huku na huku, boti iliyofunikwa kama imefungwa ndani ya nailoni inaota ukungu hata ungeiosha vipi.

Kabla hujaondoka andika. Daftari moja tu likae ndani ya boti, pini iliyopinda, mshono ulioanza, kapi linalolia, vyote viandikwe siku ile ile na aliyeviona. Nimeona boti zinazotumiwa na watu wengi kila mtu anaona kasoro anadhani mwenzake atasema, na kasoro ile ile inasafiri nao mwezi mzima.

Ndo naja kwenye ombi langu Mhariri. Wanaofundisha watu kusafiri kwa tanga, na sisemi mahali wala majina, wengi wao wanamaliza somo boti inapogusa gati. Mwanafunzi anashuka, anapongezwa, anaondoka, na kuosha kunabaki kwa kijana mmoja ambaye hata hakuwepo kwenye safari, hajui ni kamba gani ilikwama, wala ni wapi boti iligusa mchanga. Huyo ataosha vizuri sana lakini hataona kitu, kwa sababu macho ya kuona yanakuwa kwa yule aliyekuwa ameshika usukani. Kuosha ndo ukaguzi wenyewe, mkono unapopita kila mahali na kitambaa ndo unagundua nati imelegea. Naomba walimu hawa waweke kuosha ndani ya saa za somo, nahodha awe wa mwisho kuondoka, na asiyejua kukunja tanga kavu asihesabiwe amefuzu hata kama anakata upepo vizuri namna gani.

Na gazeti lako, kama itawezekana, liwape nafasi mafundi wa kushona matanga na mafundi wa kalafati waandike wenyewe, kwa lugha yetu hii hii, jinsi wanavyojua boti imetunzwa au haijatunzwa pale wanapoifungua. Wale wanaona yote ambayo wenye boti hatuyaoni, na wengi wao hawajawahi kuulizwa. Mimi nitakuwa wa kwanza kuwasoma, na nina maswali kadhaa ya kuwauliza kuhusu uzi wa kushonea.

Wako msomaji,
Mpenzi wa boti za tanga